Mgeni wa Laela

Habari ya kifo cha Shangazi ilinikuta kwenye foleni ya maji, na jambo la kwanza nililofanya, naona aibu kuliandika, ni kuangalia kama aliyenitumia ujumbe hakukosea namba. Alikuwa Galus, dereva wa bodaboda wa Sumbawanga, mtu ambaye hatujasalimiana miaka mingi. Aliandika hivi: "Dada, pole. Shangazi Restituta katutoka, tumemzika Jumamosi. Nimeona nikwambie maana wewe ndiye uliyekuwa unampiga video." Nilirudi nyumbani na ndoo tupu, nikakaa kitandani. Shangazi hakuwa shangazi yangu. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle mjini. Hakujaliwa mtoto, na kwa kuwa ni vigumu kumwita mwanamke mzima mama fulani wakati huyo fulani hayupo, watu walikubaliana tu kumwita Shangazi. Nataka niuandike mwaka ule mmoja nilioishi nyuma ya mgahawa wake, kwa sababu kuna uongo nilimwambia na sikuwahi kuufuta. Habari za ukoo wangu siziweki hapa. Inatosha kujua kwamba mimi ni Msukuma, kwamba wa kwetu walikuwa wameshahama bondeni na ng'ombe wao kwenda mbele zaidi, na kwamba nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa na mahali pa kurudi bila kuulizwa maswali.

Nilipanda Sumbawanga mwezi wa kwanza kufundisha shule ndogo ya chekechea ya mtu binafsi. Baada ya Pasaka mwenye shule alituita walimu watatu, akatuambia watoto hawatoshi, akatushukuru, akampa kila mmoja soda. Wenzangu wawili walikuwa wenyeji, wakaenda makwao. Mimi nilikuwa na chumba. Kilikuwa nyuma ya mgahawa wa Shangazi, kimetenganishwa na jiko lake kwa mbao ambazo zilikuwa zimekauka zikaachana, kiasi kwamba alipochochea moto jioni mwanga uliingia kwangu kwa mistari. Mle ndani kulikuwa na kitanda, ndoo, sufuria moja na redio. Dirisha halikuwa na kioo. Nililiziba kwa kipande cha godoro, na upepo wa Ufipa, ambao haujui kupiga hodi, ulikisukuma hadi kikaniangukia usoni. Sisi tuliokulia kwenye joto la bondeni hakuna anayetuonya mapema juu ya mwezi wa sita kule juu. Nililala na soksi, sweta, na kitenge kichwani. Lakini baridi mtu huizoea. Ambacho sikukizoea ni jinsi siku nzima ilivyoweza kupita bila mtu kulitaja jina langu. Niliwasha redio nikiamka na kuizima nikilala, hata kama ni bei za mazao, ilimradi kuna mtu anaongea. Na chakula nilikula nimesimama, kutoka kwenye sufuria, kwa sababu nikikaa chini na kupakua kwenye sahani, sahani moja, niliona waziwazi kwamba niko peke yangu.

Mgahawa wenyewe ulikuwa na meza mbili ndefu zilizofunikwa nailoni ya maua, mabenchi manne, na kalenda ya parokia ukutani. Shangazi alipika vitu vichache na alivipika vizuri: ugali wa ulezi, mweusi na mzito, maharage yaliyokaa kwenye makaa tangu usiku, majani ya maboga kwa karanga, na migebuka mikavu kutoka ziwani, aliyoichemsha polepole mpaka miiba ikalegea. Walaji walikuwa makondakta, wapiga debe, na wakulima waliokuwa wakingoja basi. Waliongea Kifipa, nami upande wa pili wa mbao niliwasikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua. Sikuelewa neno, lakini nilijua inapozidi na inapokata. Niliweza kutambua nani anamtania nani. Wakicheka na mimi nilitabasamu kule chumbani, kisha nikajiona mjinga.

Mwezi wa tano stendi ikahamishiwa nje ya mji. Ndani ya wiki mbili mabenchi yalibaki na Galus, aliyekuwa akipenda kupiga maneno kuliko kula, na mzee mmoja fundi viatu ambaye hakuwa na haja ya basi. Shangazi aliacha sufuria kubwa, akapikia ya kati. Kaka yake akaja kutoka kijijini, wakaongea kwa muda mrefu, na alipoondoka Shangazi alinigeukia huku anasuuza vyombo. "Kanipa mpaka mvua za kwanza," alisema. "Watu wakirudi, nakaa. Wasiporudi, nafunga, naenda kulima naye." Akaongeza kwamba kijijini nako si pabaya, kwa sauti ya mtu anayekisifia kiatu kinachombana. Nilihesabu kwa vidole. Mvua kule hushuka mwezi wa kumi na moja. Akifunga, chumba nacho kingefungwa maana kilikuwa chake, lakini si chumba nilichokiogopa kukikosa. Yeye ndiye aliyekuwa mtu pekee wa kuniuliza nimeamkaje na kusubiri jibu.

Ndiyo maana nikamletea wazo la video. Nilikuwa na simu nzuri, niliyoinunua kwa mshahara wa kwanza kabla sijajua kwamba mishahara yenyewe ingekuwa mitatu tu. Nilimweleza kwamba siku hizi mtu anarekodi chakula chake, anakiweka mtandaoni, na watu wanajua alipo hata stendi ikihamia mwezini. Alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Watakaoiona ni wangapi?"

"Wakiwa wachache, mia. Wakiwa wengi, hata elfu."

"Na wote watakiona chakula?"

"Ndiyo, Shangazi. Ndiyo kazi yenyewe."

Akauweka mwiko juu ya mfuniko. "Sasa mtu akiona chakula changu nisimkaribishe, mimi nitakuwa mtu wa namna gani?"

Nikamwambia basi tutasema karibuni. Nilidhani nimelimaliza. Kesho yake alivua aproni, akajifunga kitenge kipya, akasimama mbele ya sufuria. Nilipompa ishara alikunja magoti, akakutanisha viganja na kupiga yale makofi ya taratibu wanayosalimiana nayo Wafipa, akasema, "Karibuni tule." Kisha akanyamaza. Nikafikiri amesahau maneno.

"Endelea, Shangazi."

"Hawajaitikia," alisema.

Nilipokuwa nahariri nilikikata kile kimya. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba mtazamaji usipomshika kwa sekunde tatu za kwanza anapita zake. Nikakata na makofi, nikakata na magoti. Kilichobaki ni ugali ukipinduliwa, mvuke, kipande cha mgebuka kikidondosha mchuzi, na sauti yangu ikisema: Karibuni Kwa Shangazi, Sumbawanga mjini, palipokuwa stendi. Nilijiona fundi kwelikweli. Mchana ule niliporudi jikoni nilikuta sahani imepakuliwa na kufunikwa, imewekwa mwisho wa meza karibu na mlango.

"Ya nani hii?"

"Ya wageni wako."

"Wageni gani?"

"Si umealika watu mia?" Hakuwa anatania. "Wakija mia haitatosha, najua. Lakini asije akatokea hata mmoja akakuta hakuna."

"Shangazi, mtandaoni karibu ni maneno tu. Kila mtu anajua."

"Kwako karibu zipo mbili," alisema. "Mimi ninayo moja."

Sahani ile ilikaa pale mpaka saa kumi na moja jioni, ndipo akampa fundi viatu aende nayo kwake. Kesho yake akaweka nyingine. Mimi chakula changu nilikichota kwenye sufuria yangu na kwenda nacho chumbani, kama kawaida. Alikuwa akiniambia nikae, nami nilikuwa nasema nina kazi ya kuhariri. Kiburi cha maskini ni kizito kuliko mzigo wa kuni.

Sasa niseme juu ya watazamaji. Baada ya siku tatu video ilikuwa imetazamwa mara kumi na tisa, na saba kati ya hizo nilikuwa mimi. Maoni yalikuwa matatu. Mmoja aliuliza kile cheusi ni chakula au udongo. Wa pili aliandika: "Karibu ya Sumbawanga? Nikila huko nitarudi na miguu yangu au kwa ungo?" Utani huo wa uchawi kila mtu wa Rukwa ameshaumeza mara nyingi, na bado unakwama kooni. Wa tatu alikuwa anauza dawa ya kuotesha nywele. Jioni ile Shangazi alikuja mlangoni kwangu, mikono ina maji, akasimama palepale kizingitini kwa sababu hakuwahi kuingia chumbani mwa mtu bila kuombwa.

"Wamesemaje?"

Nilitazama simu. Nilitazama mikono yake. "Kuna mmoja wa Laela," nikasema. "Anasema ameona, na siku akija mjini atapita."

Laela ilitoka yenyewe. Ni pale barabarani ambapo basi langu lilisimama siku ninakuja, nikanunua hindi la kuchoma dirishani. Shangazi alifuta mikono polepole kwenye kitenge.

"Anaitwa nani?"

"Januari."

"Anafanya kazi gani huko Laela?"

"Ananunua mahindi."

"Ana mke?"

"Alifiwa," nilisema, na mpaka leo sijui kwa nini nilimwua yule mwanamke ambaye hata hakuwapo. Shangazi aliguna, akasema, "Maskini," akarudi jikoni. Nikamsikia kupitia mbao anamwelezea mtu kwa Kifipa. Hakukuwa na mtu; alikuwa anaongea peke yake.

Ukisema uongo mmoja lazima uulishe kila siku. Tuliendelea na video mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Nilimrekodi akipepeta ulezi uani huku upepo unachukua pumba na sauti yake pamoja. Nilimrekodi akipiga karanga kwenye kinu, akipanga mkaa, akikatakata majani ya maboga kwa kisu kilicholika katikati. Nilikata salamu zake zote. Watazamaji walifika thelathini, siku moja wakafika sitini, kisha wakarudi ishirini. Hakuna aliyekuja. Na kila jioni swali lilikuwa lilelile, "Januari kasemaje leo?" Wengine hakuwaulizia tena. Nikajibu. Kasema mahindi yamekuwa machache. Kasema ana mafua. Kasema anapenda mgebuka kuliko nyama. Galus alipopata fununu aliligeuza jambo hilo kuwa sherehe yake. "Shangazi, mambo! Mshikaji wa Laela anakuja lini tununue suti?" Shangazi alimfukuza kwa mwiko, lakini nilimwona anacheka akiwa amegeukia ukuta.

Mambo yangu yakaanza kumwingia Januari. Mtu akitunga kwa siku nyingi anaishiwa, na mimi kitu nilichokuwa nacho kingi ni kile chumba. Nikamwambia Shangazi kwamba Januari haizimi redio mpaka anapolala. Nikamwambia hula amesimama, kutoka kwenye sufuria. Kwa hilo aliacha kuchambua maharage.

"Kula umesimama ni kula kwa mtu anayefukuzwa," alisema. "Nani anamfukuza?"

"Sijui. Nitamuuliza."

"Muulize."

Nilikaa chumbani nikijaribu kupata jibu la Januari na sikulipata. Kuna siku nilikuwa nafua nikajikuta nawaza atakuwa amekula nini, nikaacha nguo kwenye beseni na kukaa chini kwa woga. Nisiwadanganye wasomaji wangu. Katika mji ule wote, mtu niliyemfahamu vizuri zaidi ni yule niliyemtunga.

Mwezi wa tisa kaka yake Shangazi alirudi. Nilikuwa chumbani wakaanza kuongea jikoni, Kifipa kitupu, sauti ya kaka iko chini na ya kusisitiza, ya Shangazi ina ubishi. Na katikati ya maneno yote nisiyoyaelewa nikalisikia moja ninalolielewa: Laela. Likaja tena. Laela. Kaka akasema kitu kifupi, akaondoka bila kumaliza chai. Jioni Shangazi alinieleza kwamba kaka alitaka afunge mapema, waanze kusafisha shamba kwa pamoja kabla ya mvua, na yeye alikataa. "Nimemwambia kuna mtu wa Laela ameahidi kuja. Siwezi kumfungia mlango mtu aliyeahidi." Mpaka hapo nilikuwa najiambia kwamba uongo wangu ni kama sukari kwenye uji, haumdhuru mtu. Sasa ulikuwa umemgombanisha na kaka yake, mtu pekee aliyekuwa na nafasi ya kumpokea duniani, kwa ajili ya mtu asiyekuwapo.

Nikaamua kumnyamazisha Januari. Sikuwa na ujasiri wa kusema kwamba hayupo, nikachagua njia ya waoga, aache tu kuandika. Siku ya kwanza nilisema, "Leo kimya." Siku ya pili, kimya. Wiki moja, mbili, ya tatu. Nilitegemea Shangazi atakasirika, ataona ni mtu wa ahadi hewa, atamsahau. Badala yake alipunguza kula. Alikuwa akisimama mlangoni akitazama upande wa barabara ya Tunduma, inakopita Laela, akirudi anatazama ile sahani. Jumapili moja alitoka misani, akanikuta uani.

"Huyo mtu anaumwa," alisema. "Mjane wa kiume akiugua hakuna wa kumchemshia maji. Kesho nakwenda."

"Unakwenda wapi?"

"Laela. Mgeni akiahidi asifike, mwenye nyumba ndiye anayemfuata. Kwenu si hivyo?"

Kwetu ni hivyo pia. "Shangazi, Laela ni kubwa," nilisema.

"Wanunuzi wa mahindi wanajuana."

Asubuhi alikuwa ameamka kabla yangu. Alijaza hotpoti ugali, na kwenye kibakuli kingine akaweka mgebuka, akafunga vyote kwa kitambaa cheupe cha meza ya Pasaka. Galus alikuwa nje ameshawasha pikipiki ampeleke stendi mpya. Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Nilisimama mbele yake, nikafungua mdomo, nikaona jinsi alivyofunga kile kitambaa mafundo mawili ili chakula kisimwagike, nikasema, "Chukua sweta, Shangazi. Kuna upepo." Akarudi ndani, akachukua sweta, akaondoka.

Siku ile nilikaa mgahawani peke yangu. Niliosha vyombo visivyo na uchafu. Nilimfuata kwa mawazo kutoka ghala hadi ghala, mwanamke aliyebeba hotpoti katikati ya magunia na mizani, anawasalimu wapakiaji kwa magoti, anamuulizia Januari. Niliona wakitazamana. Niliona mmoja anacheka. Saa nane mchana, nikiwa katika hali hiyo, lori likasimama nje na wanaume wawili wakaingia wakipangusa vumbi. Mmoja alikuwa ameshika simu. "Dada, ndiyo hapa Kwa Shangazi? Tumetoka Kasesya mpakani, tumepaona hapa," akasema, akanigeuzia simu nikasikia sauti yangu mwenyewe. Watu wawili, wa kweli, wenye njaa. Niliwapikia. Nilikuwa sijawahi kusonga ugali wa ulezi, ukatoka na madonge, na mchuzi niliuzidisha chumvi. Walikula kwa heshima, nusu, wakaniuliza Shangazi mwenyewe yuko wapi. Nikasema amesafiri. Walishukuru, wakaondoka. Hawakurudi tena, na siwalaumu. Katika video zote tulizorekodi mwaka ule, hao ndio waliokuja.

Shangazi alirudi jua likiwa bado juu ya mabati. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliweka hotpoti mezani, nikaona kitambaa kimekunjwa vizuri juu yake, na nilipoiinua ili nikaioshe ilikuwa nyepesi. Nilianza kuongea haraka.

"Shangazi, wamekuja watu wawili. Kweli. Wametoka Kasesya na lori, wameona video. Wamekaa pale."

Alinitazama kwa upole ambao sikuupenda. "Haya, mwanangu," alisema.

"Kweli, Shangazi. Muulize fundi viatu."

"Haya. Nimesikia." Akaketi kwenye benchi, akavua viatu, akaanza kusugua miguu. Nilijua haniamini, na nilijua kwa nini. Nikauliza, "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Januari?"

"Si ndiye niliyemfuata? Yuko vizuri. Amekula chote, anashukuru." Aliendelea kusugua mguu bila kuinua macho. "Tumeongea naye sana. Amesema yeye ana kwao, kwa hiyo tusihangaike naye tena. Na kuna jambo kanituma nikwambie wewe."

Niliirudisha hotpoti mezani.

"Kasema yule msichana anayeniandikia, mwambie aache kula amesimama. Meza ipo. Hakuna anayemfukuza."

Zile mbao zilikuwa na nyufa kwa pande zote mbili. Miezi yote niliyokuwa nikimsikia yeye, naye alikuwa akinisikia mimi: redio, kijiko kikikwangua sufuria, miguu yangu ikisimama palepale karibu na dirisha. Sijui alijua tangu lini. Huenda alijua kabla ya safari na akaenda hivyohivyo, kwa sababu alikuwa amealika. Huenda alijua pale ghalani walipomcheka. Hotpoti aliimalizia nani, sijui pia; Laela haikosi watu wenye njaa. Ninachojua ni kwamba jioni ile alipakua sahani mbili, akaketi upande mmoja wa meza, nami nikaketi upande wa pili, na nililia juu ya ugali wangu waziwazi. Alinisogezea mgebuka, upande wenye nyama.

Mtu angetegemea kwamba hapo ndipo nilipoomba radhi. Sikuomba. Nilijiambia kwamba ameshalifunga jambo, kulifungua tena ni kumvunjia heshima. Ulikuwa uvivu wa moyo tu. Tulikula pamoja wiki tano. Alinifundisha kusonga ulezi bila madonge. Nilijifunza kuitikia salamu kwa makofi, nikawa napiga vibaya, anacheka. Hakuniuliza tena wamesemaje, wala sikumwambia. Nikiwa mkweli, zile wiki tano ndizo siku pekee za mwaka ule ambazo sikuwasha redio.

Mvua ya kwanza ilianguka usiku mmoja mwezi wa kumi na moja, na asubuhi kaka yake alikuwa mlangoni na mkokoteni. Hawakubishana. Tulitoa mabenchi, tukakunja nailoni, tukafunga masufuria moja ndani ya jingine. Mgahawa ulipobaki sakafu na masizi, Shangazi alijifunga kile kitenge chake kipya, akaniambia nitoe simu.

"Chakula hakipo, Shangazi. Turekodi nini?"

"Wale tuliowaalika," alisema. "Asije akatokea mmoja akakuta pamefungwa."

Akasimama penye alama ya jiko. Alikunja magoti, akapiga makofi, akangoja. Nami safari hii nilingoja naye. Kisha akasema: "Hapa nimezima moto, msije, mtapata shida bure. Mimi nakwenda kwetu. Mshike barabara ya kwenda Muze, kabla ya kuanza kuteremka ukingoni mwa bonde muulize kwa Restituta. Si mbali na barabara. Mkija wakati wowote, chakula kipo." Sikukata hata sekunde moja. Niliiweka mtandaoni nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu, na mwezi uliofuata nikapata kazi ya ualimu katika mkoa mwingine, nikaondoka.

Miaka tisa imepita. Nilikuwa nasema nitakwenda likizo ya mwezi wa sita, kisha ya mwezi wa kumi na mbili. Nikapata mume, nikapata watoto, nikawa mtu wa kuitwa jina lake mara nyingi kwa siku hadi anachoka. Kila nilipokumbuka nilijiambia kwamba nikienda itabidi nianze na Januari, na sijui nitaanzia wapi. Baada ya ujumbe wa Galus niliitafuta video ile. Ipo bado, imetazamwa na watu thelathini na mmoja. Wengi wao, nafikiri, hawajui hata Muze iko upande gani. Niliitazama mara moja, kisha tena, kwa sababu kuna kitu ambacho siku ile, nikiwa na kazi ya kushika simu isitikisike, sikukiona. Haangalii simu. Tangu anapiga makofi mpaka anamaliza kutaja njia, anaangalia juu ya simu kidogo, pale ulipokuwa uso wangu.